Binti yangu anataka kusomea saikolojia ya watoto. Kazi hiyo huku Mtwara ipo kweli?

Mkulima wa Tandahimba:

Habari za jioni wakubwa na wadogo. Naomba msaada wa mawazo. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na matokeo yake si haba. Tulipokaa kujaza maombi ya chuo nilitegemea ataniambia sheria au ualimu. Akaniambia, "Baba, nataka kusomea saikolojia, niwe nasaidia watoto." Nikamuuliza watoto wanaumwa nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama mdogo wangu."

Mdogo wake ana miaka saba. Alikuwa mtoto wa maneno, ukienda naye shambani hupumui. Tangu mama yao afariki mwaka juzi amekuwa kimya. Anakula, shule anakwenda, mpira anacheza kidogo, ila ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Mashangazi wamesema mengi. Mmoja anasema jini, mwingine anasema akikua itaisha. Mimi sijui.

Ninachouliza ni hivi. Huyo mwanasaikolojia wa watoto anafanya nini hasa tangu asubuhi mpaka jioni? Anasoma miaka mingapi? Na akimaliza atapata kazi huku kwetu, au ndiyo atabaki Dar moja kwa moja? Mkopo usipotoka, korosho za msimu huu ndizo zitakazomlipia ada ya kuanzia, kwa hiyo sitaki kukosea.

Fundi Chikongola:

Pole na msiba kaka. Mimi ningempeleka ualimu au uuguzi. Mtoto wa dada yangu alisoma hiyo saikolojia, mwaka wa pili huu yuko mjini hapa na kibanda cha uwakala wa fedha. Akili anazo. Tatizo matangazo ya kazi yakitoka, fani yake haionekani. Nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Mzaliwa wa Newala:

Mdogo wangu wa Tandahimba, pole sana kwa kumpoteza mama watoto. Swali lako nimelisoma mara mbili. Hiyo ndiyo kazi yangu, huu ni mwaka wa 15 naifanya hapa Mtwara, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mimi nilianza na chaki. Nilisomea ualimu Kitangari, nikapangiwa shule ya msingi ya kijijini, nikafundisha darasa la pili miaka tisa. Siku moja nafundisha kutoa, nikamsimamisha mtoto mmoja wa kiume, mdogo wa umbo, kavaa shati la kurithi linalomfika magotini. "Una maembe saba, umempa mwenzako matatu, unabaki na mangapi?" Akasema, "Sibaki na kitu." Nikarudia swali, akarudia jibu. Darasa likacheka. Nikaona ananifanyia mzaha, nikamchapa fimbo mbili. Hakulia. Jioni nafunga madirisha ya darasa akanifuata, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, yakibaki manne, kaka anayachukua."

Yakibaki manne. Hesabu aliijua tangu mwanzo. Nilipofuatilia nikakuta anaishi na bibi asiyeona vizuri, na kaka mkubwa anamnyang'anya chakula kila siku ya Mungu. Mtoto alinieleza nyumba yao yote kwa jibu moja, na mimi nikamchapa kwa jibu hilo.

Zile fimbo mbili ndizo zilizonipeleka chuo kikuu. Nilisoma shahada ya elimu katika saikolojia pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitatu. Njia ya kwenda Dar, Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa, lile la 2003, lakini kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado tope, na masika tulikuwa tunalala humo humo kwenye basi. Mwaka wa kwanza nikasoma habari za Jean Piaget, Mswisi. Karibu na mwaka 1920 alipewa kazi Paris ya kuwapa watoto maswali ya kupima akili. Waliompa kazi walitaka majibu sahihi yahesabiwe, basi. Yeye akavutiwa na majibu yaliyokosewa. Akawa anakaa na mtoto na kumuuliza amefikaje pale, akagundua kuwa watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna inayofanana, kwamba ndani ya kosa kuna hesabu zake. Nilikifunga kile kitabu, nikatoka nje ya maktaba, nikakaa chini ya mti nikalia. Nilimkumbuka mtoto wangu wa maembe.

Sasa unauliza asubuhi mpaka jioni tunafanya nini. Chumba changu kina mkeka wa ukindu, boksi lenye vikopo, gari la waya, wanasesere wa vitambaa, udongo wa mfinyanzi, chaki, na kikapu kidogo cha korosho ghafi. Mtoto anakuja na aliyemleta, na huku kwetu mara nyingi ni bibi. Naongea na bibi mtoto akiwepo, anasikia kila neno. Simtoi nje kisha tukaanza kumjadili, maana mtoto anajua anajadiliwa, na akijua hivyo amekwisha kunifunga mlango. Naanza na mambo ya mwili. Masikio yamepimwa? Aliwahi kupata degedege? Analala? Anakojoa kitandani, na alianza lini? Nimeletewa watoto waliozungushwa kwa waganga miaka miwili kwa kuwa hawaitiki wanapoitwa, kumbe hawasikii vizuri. Huyo mtu wake ni daktari wa masikio. Mwenye kifafa anahitaji dawa, na dawa siandiki mimi, anaandika daktari. Mambo ya mtoto akae na nani, au mtoto anayeumizwa nyumbani, hapo naingia pamoja na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzazi huwa namwambia mapema: ya mtoto nitayatunza, isipokuwa nikijua anaumizwa. Hilo sitalinyamazia.

Baada ya hapo ni kukaa chini na kungoja. Nitakupa mfano mmoja, nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Aliletwa mtoto wa miaka mitano, miezi minne hajaongea na mtu, na hata kulia halii. Bibi yake anasema, "Amekuwa mzuri sana, hasumbui." Mtoto asiyesumbua kabisa hunitia hofu kuliko anayevunja vyombo. Siku ya kwanza akakaa mbele ya kikapu cha korosho. Akazipanga mstari, kubwa mbele, ndogo nyuma. Mwisho akachukua moja, akainua ukingo wa mkeka, akaiweka chini yake. Akaondoka. Wiki iliyofuata alipoingia tu akainua mkeka, akaiona ipo, akarudisha mkeka, ndipo akaanza kucheza. Hivyo hivyo wiki ya tatu, na ya nne. Sikumuuliza. Nilikuwa nimekaa pale pale na kurasa zangu, namwangalia.

Wiki ya tano nilichelewa kutoka kwenye kikao, mfanya usafi akaingia kabla yangu, akakung'uta mkeka. Lilikuwa kosa langu, sikumwambia. Mtoto akainua mkeka, hakuna kitu. Akainua upande wa pili. Akanitazama. Kisha kikatoka kilio ambacho sijakisikia tena, kilio cha miezi minne. Bibi akainuka kumnyamazisha, nikamwomba amwache, amshike tu. Na katikati ya kile kilio likatoka neno: "Ameenda."

Mama yake alikuwa ameondoka usiku kwenda kutafuta kazi mbali, mtoto amelala. Asubuhi wakamwambia atarudi kesho, na kila siku ikawa kesho. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bibi aliona akimwambia ukweli atamuumiza. Tukakubaliana mambo matatu, mama akiwa kwenye simu: mtoto aambiwe mama yuko mbali na harudi mwaka huu, mama apige kila Ijumaa jioni bila kukosa hata kama ni dakika mbili, na mtoto abaki na kanga yake. Nguvu yangu yote niliiweka kwenye ile Ijumaa. Mama akikosa simu moja tunarudi nyuma mwezi mzima. Hakukosa. Leo yule kijana yuko darasa la tano, ni msemaji, walimu wake wanamlalamikia kwa kelele, na mimi kila wakilalamika nafurahi.

Haya sikuyatunga. Yupo daktari wa Kiingereza, John Bowlby, ambaye alilelewa na yaya, na yule yaya akaondoka yeye akiwa na miaka kama minne. Aliposhakuwa mtu mzima alisema yale maumivu yalikuwa kama ya kufiwa na mama. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na wazazi, na hospitali nyingi za Ulaya baadaye zikaanza kuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wao wodini. Lakini ninayempenda mimi ni mwenzake, Mary Ainsworth, kwa sababu alikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alifika Uganda, akawa anatembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala akiwa na mkalimani, anakaa na akina mama saa mbili hivi, anaangalia vichanga. Walikuwa watoto 28. Alikuja akitaka kuona mtoto anakuwaje akipelekwa kwa bibi ili aachishwe ziwa, jambo ambalo sisi tunalijua vizuri. Akakuta wengi wao hawafanyi tena hivyo, akabaki kuangalia mambo ya kawaida: mtoto anatambaa kwenda mbali na mama, anageuka kumtazama, anarudi kumgusa, anakwenda tena. Akaona mama ni kituo, na mtoto mwenye kituo ndiye anayethubutu kwenda mbali. Nadharia hiyo tulifundishwa Dar kama kitu cha Wazungu, na mizizi yake iko kwenye sakafu za nyumba za Waganda. Mwambie binti yako aisome akilijua hilo.

Ndiyo maana vipimo vya vitabuni navitumia kwa tahadhari. Kile cha kwanza cha akili kilitungwa na Alfred Binet na mwenzake Simon huko Paris mwaka 1905, kwa nia njema kabisa, kutafuta watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni. Lakini ukimwonyesha mtoto wa Msangamkuu, huku pwani kwetu, picha ya kitu ambacho hajawahi kukiona, usiandike kwamba hajui. Mpe kamba ya mtego wa samaki uone akili yake.

Na kuhusu jando, kwa kuwa mtu ataniuliza: mimi siko vitani na jando. Naongea na wazazi na mangariba kila likizo ikikaribia. Mtoto aliyeelezwa anakwenda wapi, na nani atamtunza, na akirudi nani atampokea, anarudi kifua mbele. Wanaoletwa kwangu ni wale waliochukuliwa ghafla wakidhani wanapelekwa gulioni.

Shule sasa. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu, Mlimani wanayo, na Dodoma nako saikolojia inafundishwa. Ajiandae na takwimu, wengi hudhani ni somo la kuongea tu na wanaanguka hapo. Akitaka kukaa na watoto wagonjwa kama mimi, kuna shahada ya uzamili ya saikolojia tiba pale Muhimbili, miaka miwili mingine. Ni safari.

Fundi Chikongola amesema kweli kuhusu ajira. Nafasi zenye jina la fani hii ni chache. Wenzangu wengi wako kwenye ualimu, ustawi wa jamii, hospitali kubwa, au miradi. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mradi, fedha za wafadhili zikaisha, nikakaa miezi kumi bila mshahara nikiishi kwa mikorosho ya marehemu baba. Watoto waliokuwa katikati ya matibabu nikaendelea nao barazani kwangu, maana huwezi kumwambia mtoto aliyeachwa kwamba na wewe unaondoka kwa sababu mradi umefungwa. Kwa hiyo nakushauri achukue shahada ya saikolojia iliyo ndani ya elimu, ile inayomruhusu kufundisha. Kule shuleni ndiko watoto waliko, na mwalimu mwenye jicho hilo anawaona kabla yangu.

Mwalimu wa Nachingwea:

Naunga mkono hilo la walimu. Darasani kwangu nilikuwa na binti aliyekuwa anachana daftari zake. Tumemwadhibu, tumemwita mzazi, wapi. Tukapata mnasihi aliyekuja kwa wiki mbili tu. Aliniambia nihesabu anachana siku gani. Nikahesabu: Jumatatu. Jumapili ndiyo siku ambayo baba yake alikuwa anakuja nyumbani amelewa. Mimi nilikuwa naye mwaka mzima na sikuwahi kuhesabu siku. Tangu hapo nina daftari langu pembeni, naandika nani kafanya nini na lini, na afisa ustawi wa kata amelisoma zaidi ya mara moja. Namba ya 116, simu ya msaada kwa watoto, nimeiandika ukutani darasani, ni bure, mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Mkulima wa Tandahimba:

Shikamoo dada yangu. Nimesoma maneno yako nikamwita binti, naye akasoma. Sasa nimwage la moyoni. Mama yao alipofariki, huyu mdogo tulimwambia mama amesafiri. Siku ya maziko alipelekwa kwa jirani. Hata arobaini ilipofanyika aliambiwa ni shughuli ya babu. Nilikuwa sina nguvu ya kumwambia, na kila siku inayopita inakuwa ngumu zaidi. Je, hilo ndilo lililomfunga mdomo? Na nimeshachelewa?

Mzaliwa wa Newala:

Marahaba mdogo wangu. Hujachelewa. Na usijipige, nyumba nyingi nilizoingia zimefanya hivyo hivyo, kwa huruma.

Siwezi kukwambia hilo ndilo pekee lililomfunga kabla sijamwona. Masikio yapimwe kwanza, hata kama unajua alikuwa anasikia. Lakini ukweli anauhitaji kwa vyovyote, na nadhani kipande chake anakijua. Mtoto wa miaka saba anasikia wanayosema watoto wenzake kisimani. Huenda ananyamaza kwa sababu nyumba nzima imenyamaza kuhusu mama, na yeye anakulindeni.

Mwambie wewe, si shangazi. Mchana, si usiku, mkiwa mahali anapopapenda, mikono ina kazi, kwa mfano mnabangua korosho. Tumia neno lenyewe: mama amefariki. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, utakuwa unarudia lile lile. Mwambie aliumwa, mwili wake ukashindwa, hawezi kurudi, na si kosa la mtu yeyote. Hilo la kosa lisikuponyoke kabisa, maana watoto wa umri wake hujiuliza kimoyomoyo kama ni wao waliosababisha. Mwambie pia kwamba tulikudanganya, na tulikosea. Akikimbia kucheza baada ya dakika moja usishangae, watoto huzuni yao huja na kuondoka kama manyunyu. Akirudi kuuliza swali lile lile mara kumi, mjibu mara kumi. Akitaka kwenda makaburini mpeleke, mpitie njia, achume maua mwenyewe. Mwalimu wake wa darasa ajue. Na msimlazimishe kuongea, wala msimpe pipi ili aongee, wala msimpigie makofi siku akiongea. Akisema neno, mjibuni tu kama kawaida.

Ukilia mbele yake, lia. Amekuwa akijiuliza miaka miwili kwa nini hakuna anayemlilia mama yake.

Mkulima wa Tandahimba:

Asante dada. Jumapili tutakuwa shambani, nitamwambia huko. Tunaweza kumleta kwako?

Mzaliwa wa Newala:

Njooni. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye mahali na namba. Ukipanda gari la kwanza Jumanne utakuwa umefika Mtwara mapema, nitakupangia saa tatu. Mje na bibi yake kama anaishi naye. Njiani umweleze anakwenda kwa mama mmoja mwenye mkeka na gari la waya, na kwamba hapigwi sindano. Aje na kitu chochote anachopenda kuchezea, hata kama ni kibovu.

Binti naye aje. Ndani hataingia, kile ni chumba cha mdogo wake, lakini tukimaliza nitakaa naye barazani nimwonyeshe daftari zangu za takwimu za mwaka wa kwanza, bado ninazo.